Kumpeleka mama mwenye miaka 79 safari ya meli ya mtoni Ulaya: nizingatie nini?

Kifungua Mimba ameuliza:

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri wa watu waliowahi kusafiri na mzazi mzee kwa meli za mtoni za Ulaya, au waliowahi kufanya kazi ndani yake.

Mama yangu ana umri wa miaka 79. Akili yake ni timamu kabisa, anasoma sana, na historia ya falme za Ulaya anaifahamu kuliko sisi wanawe. Hata hivyo magoti yake yana baridi yabisi, anatembea kwa bakora, na sikio lake la kushoto limepungua nguvu. Anatumia dawa za shinikizo la damu na sindano za insulini. Penye ardhi tambarare anaweza kutembea polepole kwa robo saa hivi kabla ya kuhitaji kukaa, na ngazi huzipanda moja moja akiwa ameshika ukingo.

Sisi watoto wake tumekubaliana kumgharimia safari ya juma moja, nami ndiye nitakayefuatana naye. Tumeipenda meli ya mtoni kwa sababu mizigo hufunguliwa mara moja tu, chumba kinasafiri pamoja na abiria, na hakuna mawimbi ya bahari. Tumebakiwa na safari mbili za kuchagua: ya mto Danube inayoanzia Passau nchini Ujerumani, kupita Austria na Slovakia hadi Budapest, kisha kurudi Passau, na ya mto Douro nchini Ureno, kutoka Porto kuelekea mpaka wa Hispania.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba matangazo yanaonyesha vyumba, vyakula na ngome zilizo juu ya vilima, lakini hakuna hata moja linaloonyesha jinsi abiria anavyotoka melini hadi nchi kavu. Je, mtu wa hali ya mama ataweza? Ni mto upi unaomfaa zaidi, na ni maswali gani niwaulize wauzaji kabla ya kulipa? Naomba pia ushauri kuhusu jambo moja la moyoni: mama ni mtu asiyependa kusumbua watu, kwa hiyo hatasema amechoka hadi atakaposhindwa kabisa kusimama.

Mhudumu wa Sitaha amejibu:

Dada, umeuliza swali ambalo wengi hulifikiria wakiwa wameshafika gatini. Nilifanya kazi katika meli za namna hii, na ninakuhakikishia kwamba abiria wazee walio wengi hawapati taabu wakiwa ndani ya meli. Taabu ipo katika zile hatua chache zilizo kati ya meli na ukingo wa mto.

Kwanza kuna daraja dogo la kupandia na kushukia. Mwinuko wake hubadilika kufuatana na kimo cha maji, hata katika gati lile lile: leo linaweza kuwa karibu tambarare, na juma lijalo likawa mteremko unaomlazimu kijana kushika kamba. Baada ya daraja, katika miji mingi kuna ngazi za mawe za kupanda kutoka ukingoni hadi barabarani, nazo nyingine zina ukingo wa kushikia upande mmoja tu.

Pili, na hili ndilo wauzaji hawalitaji, miji mashuhuri haina gati za kutosha, kwa hiyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, wakati mwingine nne. Abiria wa meli iliyo nje hulazimika kupita ndani ya meli nyingine ili afike nchi kavu. Milango ya meli hizo ikilingana, hupita katika kumbi za mapokezi na kazi huwa rahisi. Isipolingana, watu hupandishwa hadi sitaha ya juu kabisa, wakavuka huko, kisha wakashuka tena kwa ngazi nyembamba za chuma zenye mwinuko mkali. Kwa mama mwenye magoti mabovu, huo ndio mtihani mkubwa kuliko ngome yoyote.

Tatu ni lifti. Meli nyingi mpya zinayo, lakini usiridhike kusikia kwamba lifti ipo. Uliza inafika sitaha zipi. Mara nyingi huunganisha sitaha ya kati na ile iliyo juu yake, wala haishuki kwenye vyumba vya chini vilivyo karibu na usawa wa maji, na haipandi kwenye sitaha ya wazi ya kuotea jua. Baadhi ya meli zina kiti kinachopanda kwa reli kando ya ngazi badala ya lifti. Mchagulie mama chumba cha sitaha ya kati, mahali ambapo kwa kawaida ndipo ulipo ukumbi wa kulia, na kisiwe nyuma kabisa karibu na injini. Meli hizi ni nyembamba, nyingi zina upana wa mita 11.4 tu, kwa sababu malango ya maji (vyumba vya kupandishia na kushushia meli) ya mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube yana upana wa mita 12. Ndiyo maana vyumba ni vidogo na korido hazina nafasi ya kupishana na kiti cha magurudumu. Omba upewe vipimo vya mlango wa bafu na kimo cha kizingiti chake, na uulize kama kuna vishikio ukutani na kiti cha kuogea.

Sasa kuhusu mto. Ningekuwa wewe, ningeiacha Douro. Ni mto mzuri mno, tena meli zake husafiri mchana tu, hivyo usiku ni wa utulivu. Lakini vijiji na makasri ya huko yapo juu ya milima, na karibu kila matembezi ni safari ya basi katika barabara za kona nyingi, ikifuatiwa na kupanda. Lamego ni mfano mzuri: patakatifu pake panajulikana kwa ngazi zake 686, na ingawa basi linaweza kufika juu, utaona jinsi nchi yenyewe ilivyo.

Danube nayo si tambarare kila mahali, ila inakupa nafasi ya kuchagua. Bratislava ni rahisi, kwani meli hufungwa kando ya mji wa kale, na mitaa yake ya kati ni tambarare ijapokuwa ina mawe. Ngome tu ndiyo iliyo kilimani. Passau ina mitaa ya mawe yenye kupanda kidogo kuelekea kanisa kuu, ambako kuna kinanda kikubwa chenye mabomba 17,974 na maonyesho yake humruhusu mtu kukaa na kusikiliza. Vienna meli husimama mbali na katikati ya mji, kwa hiyo watu hupelekwa kwa basi, na kasri la Schönbrunn lina lifti. Melk ni monasteri yenye fahari lakini ina mwendo mrefu na ngazi. Dürnstein ni mji wa kupanda, na magofu ya ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza katika majira ya baridi ya 1192 na 1193 yako juu kabisa. Hapo mama asijaribu.

Jambo la kumfurahisha ni kwamba bonde la Wachau, kilomita zipatazo 36 kati ya Melk na Krems, huonekana vizuri zaidi kutoka melini kuliko kutoka nchi kavu. Uliza meli italipita mchana au usiku. Ikilipita mchana ikiwa inapanda mto dhidi ya mkondo, mwendo huwa wa polepole na mtu hupata saa kadhaa za kutazama mashamba ya mizabibu na minara akiwa amekaa kitini.

Mwana wa Pekee amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu madaraja na ngazi, ila naomba dada uufikirie pia mto Rhine, ambao ndio niliosafiri na baba yangu. Sababu yangu ni moja. Kati ya Rüdesheim na Koblenz kuna sehemu ya bonde, ndani ya eneo la kilomita 65 lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2002, ambako ngome zimepangana pande zote mbili, moja haijapotea machoni nyingine imejitokeza. Kuna ngome ya Pfalzgrafenstein iliyojengwa katikati ya maji karibu na Kaub, na mwamba wa Loreley wenye kimo cha mita 132. Baba aliyaona yote hayo akiwa amekaa, amejifunika blanketi, bila kupanda hata ngazi moja. Köln nako kanisa kuu liko karibu sana na mto, na mzee anayependa historia atatosheka kuliona tu jengo lililoanza kujengwa mwaka 1248 na kukamilika 1880. Kasoro ya bonde hilo ni kelele za treni za mizigo usiku endapo meli itafungwa humo, kwa sababu reli zinapita kingo zote mbili.

Zaidi ya mto, ningependa kusema juu ya lile jambo la moyoni. Sisi watoto tunapowasafirisha wazazi, tunataka waone kila kitu, kana kwamba kila mji walioukosa ni deni letu. Mzazi naye anaiona hamu hiyo usoni mwetu, akajikaza ili asituvunje moyo. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Kilichotusaidia ni kukubaliana tangu mwanzo kwamba matembezi ya asubuhi na ya alasiri hayafanywi yote kwa siku moja, na kwamba kubaki melini ni sehemu ya safari. Usimwulize mama kama amechoka, kwa maana atakujibu hajachoka. Mwulize angependa mkae wapi, au umwambie kwamba wewe mwenyewe ungependa kukaa, nawe ukae kweli.

Siku anapobaki, nenda ukatembee na umwache na wahudumu. Baba alizipenda sana zile saa ambazo meli ilikuwa tupu, akiwa na chai yake na dirisha lake, na jioni alikuwa na shauku ya kusikia niliyoyaona. Ukikaa naye kila dakika utamfanya aone kwamba amekufunga.

Jambo dogo la vitendo: waongozaji hutumia redio ndogo zenye kisikizio cha sikio moja. Kwa mama mwenye sikio dhaifu, beba visikizi vyenu vya kufunika masikio yote mawili vyenye waya wa kawaida, na uliza mapema kama vinaingia katika vifaa vyao. Uliza pia kama meli ina kundi la watembeaji wa polepole. Meli nyingi zinalo, na mama apangiwe huko tangu siku ya kwanza, kabla hajaanza kujilazimisha kwenda na wenye mbio.

Kifungua Mimba ameandika tena:

Nawashukuru sana nyote wawili. Hilo la meli kufungwa ubavu kwa ubavu sikuwahi kulisikia popote, na nimeshalipeleka kwa ndugu zangu. Kuhusu Rhine, nitamweleza mama achague mwenyewe.

Yamebaki mambo mawili. Je, melini kuna daktari, na insulini ihifadhiwe vipi? Pia nimesoma kwamba mito hukauka au kufurika, safari ikageuka kuwa ya basi. Kwa mama, juma zima ndani ya basi litakuwa mateso.

Muuguzi wa Wazee amejibu:

Usitegemee kukuta daktari. Meli kubwa za baharini huwa na zahanati, lakini za mtoni kwa kawaida hazina, kwa kuwa nchi kavu ipo karibu wakati wote. Wahudumu hufunzwa huduma ya kwanza, na likitokea la dharura hupigiwa namba 112, ambayo hutumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, kisha meli husogea mahali ambapo gari la wagonjwa linaweza kufika. Kwa hiyo andaa karatasi moja yenye majina halisi ya dawa za mama, si majina ya kibiashara tu, pamoja na vipimo, magonjwa aliyo nayo na mzio wowote. Moja akae nayo yeye, moja wewe, na moja muikabidhi mapokezi.

Insulini na dawa zote zisafiri katika mkoba wa mkononi. Mizigo ya chini ya ndege inaweza kupotea, na insulini ikiganda huharibika hata kama ikiyeyuka baadaye itaonekana nzuri kwa macho. Pata barua ya daktari kwa ajili ya ukaguzi wa uwanja wa ndege, na ubebe akiba inayozidi siku za safari. Uliza kama chumba kina jokofu. Lakini zingatia zaidi saa za kula: chakula cha jioni melini huwa kirefu, na kutoka sindano hadi sahani kufika mezani pengine utapita muda mrefu. Zungumzeni na daktari wake juu ya hilo, na mama asiondoke chumbani bila kitu chenye sukari mfukoni.

Kama miongoni mwa dawa zake za shinikizo kuna ile inayoongeza mkojo, mwangalie sana. Wazee wengi huiacha kimyakimya siku za matembezi, au wakaacha kunywa maji, kwa kuogopa kukosa choo. Siku ya jua kali hilo huleta kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya daraja la meli ndicho chanzo cha kuvunjika nyonga. Dawa yake si kumkaripia. Mjue choo kilipo katika kila kituo kabla ya kushuka, na mwongozaji atakueleza ukimwuliza.

Tena mkalale katika mji wa kuanzia angalau usiku mmoja kabla ya kupanda meli, kwa sababu meli haimsubiri mtu ambaye ndege yake imechelewa, na mzee aliyetoka katika ndege hana nguvu za kuanza matembezi siku hiyo hiyo. Beba taa ndogo ya usiku. Chumba kigeni, giza na kizingiti cha bafu ni hatari iliyo halisi.

Msoma Mkataba amejibu:

Naongeza yanayohusu maji na haki zenu.

Ni kweli mito hubadilika. Mwezi Oktoba 2018 kipimo cha kimo cha maji cha Kaub kwenye mto Rhine kilishuka hadi sentimita 25. Kipimo hicho si kina chote cha njia ya meli, lakini kilitosha kuvuruga safari nyingi, na mwaka 2022 hali ya kiangazi ilikaribia hapo. Mafuriko nayo hufunga njia kwa namna nyingine, kwani maji yakipanda meli haipiti chini ya madaraja. Septemba 2024 usafiri ulisimamishwa kwenye Danube nchini Austria. Kwa jumla, upungufu wa maji huja zaidi mwishoni mwa kiangazi na katika miezi inayofuata, ilhali theluji inapoyeyuka maji huongezeka. Mei na Juni huwa na nafuu zaidi kwa mzee, ingawa mwezi usio na hatari haupo.

Safari uliyoitaja ina faida. Kwenye Danube ya Ujerumani, sehemu inayosumbua zaidi kwa uchache wa maji ni kati ya Straubing na Vilshofen, ambako mto haujazuiwa kwa malango. Meli inayoanzia Passau na kushuka kuelekea Budapest haipiti hapo kabisa. Wachau nayo ni mto huru, pamoja na sehemu iliyo chini ya Vienna, kwa hiyo hatari haiishi, ila imepungua. Waulize kwa maandishi watafanya nini njia ikifungwa: mtabaki melini, mtahamishiwa meli nyingine, au mtalala hotelini.

Mkinunua safari kamili ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2015 kuhusu safari za vifurushi inampa msafiri haki ya kujitoa bila adhabu endapo mwandaaji atabadilisha jambo la msingi kabla ya kuondoka. Kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 inawalinda abiria wenye ulemavu au wenye shida ya kutembea katika vyombo vya majini. Mahitaji ya chumba yatajwe wakati wa kuagiza, na msaada mwingine uombwe angalau saa 48 kabla. Viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya vina kanuni yake ya mwaka 2006: kiti cha magurudumu na msaidizi ni bure, nako pia mtoe taarifa saa 48 kabla. Mwombee mama huduma hiyo hata kama anatembea. Foleni za pasipoti humchosha mtu wa bakora kuliko mji wowote mtakaotembelea.

Kama mnahitaji viza, Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria zote ni za eneo la Schengen, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inatosha. Mngekuwa mnaendelea hadi Serbia na kurudi, mngehitaji ya kuingia mara nyingi. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si lazima iwe ile mnayotua kwanza. Hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000. Kiasi hicho ni cha chini, nami ningelipia zaidi. La muhimu kuliko kiasi ni kutaja kisukari na shinikizo la damu katika fomu, maana ugonjwa uliofichwa ndio sababu ya kwanza ya bima kukataa kulipa.

Kifungua Mimba ameandika tena:

Nimemsomea mama majibu yenu yote, neno kwa neno, na amewashukuru kwa heshima mliyompa. Kisha akaamua mwenyewe. Amechagua Danube, mwezi Mei, na sababu yake ni Maria Theresa. Anataka kuingia katika kanisa la Mtakatifu Martin mjini Bratislava, alikotawazwa malkia huyo wa Hungaria mwaka 1741, na kuona Schönbrunn. Dürnstein na Melk amesema atazitazama kutoka melini, na Passau atakwenda kusikiliza kinanda.

Leo nimewaandikia wauzaji wa safari kuuliza lifti inafika sitaha zipi, meli hufungwa ubavu kwa ubavu katika miji gani, Wachau inapitwa saa ngapi, na kizingiti cha bafu kina kimo gani. Sitalipa hadi wajibu kwa maandishi. Mama ana miadi na daktari wake juma lijalo kuhusu saa za insulini, na ameshaanza mazoezi ya magoti aliyokuwa akiyakwepa.